Namna ya Kuanzisha Mfuko wa Taa za Sola katika Kitongoji Kisicho na Umeme

Kwa hesabu za Serikali, Tanzania Bara ina vijiji 12,318 na vitongoji 64,359, na tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayoeleza kwa nini mtu husikia redioni kwamba kijiji chake kimepata umeme ilhali nyumbani kwake bado anawasha koroboi. Nguzo hufika kwanza kwenye ofisi ya kijiji, shuleni, kwenye zahanati na kando ya barabara; kitongoji kilicho ng'ambo ya mto, au kambi ya wavuvi kisiwani, husubiri awamu nyingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi cha watu wa mahali kama hapo, wanaotaka kujipatia taa za sola kwa akiba yao au kwa mtaji mdogo kutoka nje, bila kungoja nguzo na bila kuingia katika madeni yasiyokwisha. Fedha ya taa kwa kawaida imo humohumo kitongojini. Hutoka kidogo kidogo kila jioni kwenda dukani, na kazi ya mfuko ni kuikusanya na kuizungusha.

Pimeni kwanza matumizi

Kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote, kikundi kiwaombe wanachama wake waandike kwa muda wa wiki mbili kila shilingi inayotumika kwa mwanga: mafuta ya taa, betri kavu za tochi, mishumaa, na ada ya kuchaji simu kwenye kibanda cha senta. Aulizwe mama na aulizwe baba, kila mmoja kwa wakati wake, kwa sababu mara nyingi mmoja ndiye anayejua bei ya mafuta na mwingine ndiye anayelipia simu, na jumla ya kweli haijulikani na yeyote kati yao. Msishangae mkikuta mafuta ya taa si gharama kubwa kuliko zote. Tangu Serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta hayo mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, kaya nyingi zimehamia kwenye tochi za betri kavu, ambazo hazitoi moshi lakini huisha upesi na kutupwa shambani.

Kaya zinazobaki na koroboi zina sababu ya ziada ya kutangulizwa katika orodha. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2014 kuhusu hewa ya ndani ya nyumba, lilishauri mafuta ya taa yasitumike nyumbani, kwa sababu ya moshi wake na hatari ya kuungua. Nyumba ya makuti au ya nyasi yenye watoto wanaosomea karibu na utambi haihitaji maelezo marefu zaidi ya hayo.

Wastani utakaopatikana ndio utakaoweka kiwango cha marejesho. Rejesho la wiki lisizidi kile ambacho kaya ilikuwa ikitumia kwa wiki, kwani likizidi, mwanachama atalazimika kupunguza chakula au ada ya shule ili alipie taa, na mfuko utakufa kwa sababu hiyo hata kama wanachama wote ni waaminifu.

Chagueni taa itakayodumu kuliko mkopo wake

Kosa linaloua mifuko mingi ni kununua taa ya bei ya chini kabisa sokoni. Taa ikiharibika mwezi wa tatu wakati deni linaisha mwezi wa tano, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeendelea kulipia kitu kisichowaka, na kikundi hakitakuwa na hoja ya kumdai. Kwa hiyo ulizeni kwanza kama taa imepimwa na kuthibitishwa chini ya mpango wa VeraSol, uliorithi kazi ya ukaguzi wa ubora iliyoanzishwa chini ya Lighting Global ya Benki ya Dunia, na mfananishe jina la modeli kwenye boksi na lile lililo kwenye orodha ya mpango huo, herufi kwa herufi, maana bidhaa bandia hubadilisha herufi moja tu. Kisha ulizeni aina ya betri. Zile za lithiamu zenye chuma na fosfeti hustahimili kuchajiwa mara nyingi kuliko betri za risasi zilizokuwa zikitumika zamani. Ulizeni pia taa inawaka saa ngapi kwa mwanga mkali baada ya siku moja ya jua, na msikubali kujibiwa kwa saa za mwanga hafifu.

Dhamana iandikwe, na muuzaji aseme ni wapi taa mbovu itapelekwa. Dhamana ya miaka miwili ambayo inadaiwa mjini, kwa nauli inayokaribia bei ya taa yenyewe, haina thamani kwa mtu wa kisiwani. Mkiweza, kubalianeni na muuzaji awakabidhi taa moja au mbili za akiba tangu mwanzo, ili mwenye taa mbovu abadilishiwe siku hiyohiyo na ile mbovu isubiri safari ya mtu anayekwenda mjini kwa shughuli zake.

Hesabu ya mzunguko

Tuchukulie mfano wa namba rahisi, ambazo kila kikundi kitazibadilisha kulingana na bei za mahali pake. Taa yenye paneli yake na sehemu ya kuchajia simu inafika kitongojini kwa shilingi 60,000, usafiri ukiwamo. Kikundi kinamuuzia mwanachama kwa shilingi 66,000: anatanguliza 12,000, na zinazobaki 54,000 anazilipa kwa shilingi 3,000 kila wiki kwa wiki 18. Nyongeza ya shilingi 6,000 kwa kila taa haichanganywi na mtaji; inawekwa kando kama akiba ya matengenezo na ya madeni yatakayoshindikana.

Kikundi kikianza na mtaji wa shilingi 600,000, kinanunua taa kumi. Malipo ya awali yanafika shilingi 120,000. Nusu inakwenda kwenye akiba na nusu iliyobaki inatosha kununua taa ya kumi na moja. Kuanzia hapo makusanyo ni shilingi 33,000 kwa wiki, yaani katika wiki nne zinapatikana taa mbili nyingine na chenji. Hata kama kikundi hakingenunua taa nyingine yoyote, baada ya wiki 18 mtaji wote wa shilingi 600,000 ungekuwa umerudi, kaya 11 zingekuwa na taa zao, na akiba ingekuwa na shilingi 66,000. Kwa kuwa kinaendelea kununua, mtaji uleule unazidi kuhudumia kaya mpya bila mchango mwingine.

Hata hivyo mtaji huo husinyaa polepole. Taa na paneli nyingi huagizwa kutoka nje, hivyo shilingi inaposhuka, bei hupanda, na shilingi 600,000 zilizonunua taa kumi mwaka huu huenda zikanunua nane au tisa mwakani. Ndiyo maana inafaa bei ya kuuzia ipitiwe kila shehena mpya inapoletwa, na sehemu ya akiba ihamishiwe kwenye mtaji pale inapozidi mahitaji ya matengenezo.

Marejesho yafuate msimu wa mapato

Rejesho la kila wiki linamfaa mwenye genge, mama lishe au fundi baiskeli, ambao huona fedha kila siku. Halimfai mkulima wa korosho wa Lindi au Mtwara, ambaye fedha yake huja baada ya minada inayoanza karibu na Oktoba. Kwa mkulima huyo ni afadhali alipe malipo ya awali yaliyo makubwa kidogo, kisha deni lote lililobaki likatwe wakati wa mauzo. Kwa kuwa korosho huuzwa kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi hadi yauzwe, kikundi kinaweza kuzungumza na chama cha msingi ili mkulima aridhie kwa maandishi makato hayo yafanywe moja kwa moja. Ridhaa ya maandishi ni lazima. Makato ya kimyakimya yamewafanya wakulima wengi wavikimbie vyama vyao.

Kwa wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria kalenda ni nyingine tena. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na mbalamwezi inapokuwa pevu mwanga huo haufui dafu, kwa hiyo shughuli husimama kwa siku kadhaa kila mwezi. Anayemdai mvuvi rejesho katika siku hizo anajitafutia ugomvi bure. Ratiba yake ihesabiwe kwa wiki za giza tu, na wiki ya mbalamwezi iachwe wazi tangu siku ya kutia saini, isionekane kama msamaha.

Mtaji wa kuanzia

Chanzo kilicho bora ni hisa za wanachama wenyewe, hasa pale ambapo VICOBA, yaani kikundi cha kijijini cha kuweka na kukopa, ipo tayari na watu wamezoea kukutana, kuweka hisa na kutozana faini. Lakini mfuko wa taa uwe na daftari lake na, ikiwezekana, sanduku lake, kwa sababu vikundi vya namna hii huvunja mzunguko mwishoni mwa mwaka na kugawana fedha zote. Mfuko wa taa ukigawanywa pamoja na hisa, mwaka unaofuata mnaanza upya, na kaya zilizokuwa kwenye foleni zinapoteza imani. Andikeni katika katiba ya kikundi kwamba mfuko huu haugawanywi. Vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa vimo katika daraja la nne la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na vinapaswa kusajiliwa kupitia halmashauri; usajili huo ndio pia utakaowafungulia akaunti ya benki.

Chanzo cha pili ni mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, isiyo na riba, ambayo hugawanywa asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu uliorekebishwa, hivyo mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu kabla ya kujaza chochote. Mikopo hiyo ni ya shughuli za kuzalisha kipato, na andiko linaloomba fedha za kununulia wanachama taa za nyumbani linaweza kukataliwa. Andikeni kile ambacho mfuko unafanya kweli: biashara ya kuuza taa kwa mkopo, kuchaji simu na kutengeneza vifaa vya sola, pamoja na mchanganuo wa mapato kama ule wa hapo juu.

Ndugu walioko mijini au ughaibuni na wafadhili wadogo waombwe mtaji, wasiombwe taa. Msimamo wangu hapa ni mkali kidogo: shehena ya taa za bure huua mfuko kwa msimu mmoja, kwani anayelipa kila wiki humwona jirani aliyepewa, naye huacha kulipa. Kama kuna kaya zisizoweza kulipa hata kidogo, kama vile wazee wanaoishi peke yao, mchango wa mfadhili ulipe deni lao ndani ya mfuko, kwa bei ileile na katika daftari lilelile.

Kuhusu fedha kubwa, kwenye mkutano wa nishati uliofanyika Dar es Salaam Januari 2025 viongozi wa Afrika waliafiki lengo la kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Fedha za mipango ya namna hiyo hupitia serikali na makampuni, wala hazishuki moja kwa moja hadi kwenye kikundi cha watu thelathini. Kikundi kinaweza kunufaika nazo kupitia muuzaji anayepewa ruzuku kwa kila taa anayothibitisha kuifikisha kijijini. Muulizeni wazi kama anapata ruzuku hiyo, na kama anaipata, iko wapi ndani ya bei yake.

Makampuni ya lipa kidogo kidogo

Utaratibu wa kulipia sola kwa simu, ulioenezwa Kenya na kampuni ya M-KOPA tangu 2012 na kuigwa na wengine kote Afrika Mashariki, unafaa pale ambapo hakuna kikundi imara. Mteja hutanguliza kiasi kidogo, na asipolipa, kifaa hujifunga mpaka atume fedha. Kabla ya kusaini, jumlisheni malipo yote hadi siku ya mwisho na kuyalinganisha na bei ya taslimu. Tofauti yaweza kuwa kubwa, na muuzaji atapendelea kutaja kiasi cha siku moja tu. Hakikisheni pia kwamba mtandao wa simu unapatikana, na kwamba siku za kifaa kuwa mbovu hazihesabiwi kama siku za deni.

Daftari, funguo na fundi

Kila malipo yaandikwe mahali pawili, kwenye daftari la mweka hazina na kwenye kadi ya mwanachama, na jumla isomwe kwa sauti mkutanoni mbele ya wote. Sanduku liwe na kufuli tatu na funguo zikae kwa watu watatu wasio wa nyumba moja. Anayechelewa wiki mbili atembelewe na wadhamini wake kabla ya kutozwa faini, kwa kuwa mara nyingi ana mgonjwa au taa imeharibika naye ameona haya kusema.

Vijana wawili wa kitongoji, mmoja wao ikiwezekana awe binti, wafundishwe kusafisha paneli, kubadilisha waya na kupima betri kwa mita, nao walipwe kutoka kwenye akiba kwa kila kazi. Betri zilizokufa zirudishwe kwa muuzaji. Sharti hilo liwekwe katika makubaliano ya ununuzi, wala zisichomwe moto wala kutupwa chooni.

Katiba iseme vilevile mfuko utafanya nini siku nguzo zitakapofika. Ada ya kuunganishiwa umeme vijijini imekuwa shilingi 27,000, lakini kutandaza nyaya ndani ya nyumba hugharimu zaidi ya hapo, na hapo ndipo kaya nyingi hukwama zikiwa chini ya nguzo. Mtaji uliokuwa ukinunua taa unaweza kukopesha gharama ya nyaya, au ya kifaa cha UMETA (Umeme Tayari), ambacho huja na swichi na soketi zake, kwa nyumba ndogo isiyohitaji kutandaziwa, kwa masharti yaleyale ya malipo ya awali, wadhamini na ratiba ya msimu.