Kuomba rekodi za kaunti bila kukwamia kwenye "hiyo ni siri"

Huu ni mwongozo wa raia wa Kenya anayetafuta hati za matumizi ya pesa za umma, tuseme za barabara ya wadi yake, kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016.

Hatua ya 1. Mwandikie mkuu wa taasisi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Ambatisha nakala ya kitambulisho, maana haki hii ni ya raia. Sababu ya kuomba si lazima, usiitaje.

Hatua ya 2. Hapa ndipo maombi mengi hufia. Kifungu cha 6 ndicho chenye orodha ya kinga, yaani mambo yanayoweza kuzuiwa: usalama wa taifa, faragha, maslahi ya biashara, mashauri ambayo taasisi yenyewe bado haijayaamua na mengineyo. Ukiomba "habari zote za mradi", karatasi moja yenye siri inaweza kufanywa kisingizio cha kuzuia faili zima. Taja hati, kila moja na nambari yake:

"1. Mkataba. 2. Vyeti vya malipo, Julai 2023 hadi Juni 2024. 3. BQ (orodha ya kazi na vifaa, pamoja na kiasi na bei zake). Nambari za vitambulisho, simu na akaunti za benki zifunikwe wino."

Sentensi ya mwisho inamwondolea afisa kisingizio cha faragha kabla hajakishika. Akikitumia hata hivyo, mkumbushe kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtu, haiilindi kampuni. Jina la kampuni iliyoshinda zabuni na pesa ilizolipwa si data ya mtu binafsi. Kwa mishahara, omba ngazi ya kazi na kiwango chake. Payslipu ya mtu fulani utanyimwa, na kwa haki.

BQ iwe na nambari yake kwa sababu bei za kila kipengele ndizo mkandarasi hudai ni siri ya biashara. Sheria inataka madhara kwa biashara yake yawe makubwa, si usumbufu tu. Mvutano ukizuka hapo, mkataba na vyeti visikwame nao. Ripoti ya tathmini ya zabuni iombe baada ya mshindi kuamuliwa. Kabla ya hapo kinga ya shauri lisiloamuliwa ina nguvu kweli.

Hatua ya 3. Peleka masijala kwa mkono, nakala yako igongwe mhuri wenye tarehe. Barua pepe iwe nyongeza tu. Jibu ni ndani ya siku 21, na muda huongezwa mara moja, usiozidi siku 14. Kuomba ni bure; unalipia gharama ya nakala.

Hatua ya 4. Kimya kikipita muda huo, kisheria umekataliwa. Una siku 30 za kuomba Ofisi ya Ombudsman (tume inayoshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma) ipitie uamuzi. Usiandike "wamekataa" ukaishia hapo: jibu kila kinga kwa hati inayohusika, kisha utaje maslahi ya umma, yakiwemo usimamizi wa matumizi ya fedha za umma. Mizani hiyo hupimwa na mahakama, ila hoja iingie kwenye faili tangu mwanzo. Hata ukipewa cheti cha malipo ambacho kiasi chenyewe kimefunikwa wino, nacho unaweza kukipeleka huko.