Jinsi ya kuwasilisha taarifa ya utekelezaji ya ruzuku ya afya ya serikali ya Marekani

Taasisi ikishapewa ruzuku ya afya ya jamii na serikali ya Marekani, iwe idara ya afya ya jimbo, chuo kikuu au asasi isiyo ya kiserikali, hudaiwa taarifa ya utekelezaji. Wengi huanza kwa kufungua fomu. Anza na hati ya kutoa ruzuku, ile mliyotumiwa fedha zilipoidhinishwa.

Humo ndimo mlimoandikwa taarifa inatakiwa lini, inapelekwa kwa nani na inapitia mfumo gani. Kanuni ya jumla ya ruzuku za serikali kuu, 2 CFR 200.329, inataka taarifa angalau mara moja kwa mwaka, na si zaidi ya mara moja kila robo mwaka, labda pawe na masharti maalumu. Taarifa ya mwaka ina siku 90 baada ya kipindi kufungwa, ya robo au nusu mwaka siku 30, na ya kufunga mradi siku 120. Ila usijifariji na siku hizo 90. Wakala, yaani taasisi ya serikali iliyotoa ruzuku, una ruhusa ya kuidai taarifa ya mwaka mapema, na CDC, wakala wa kudhibiti na kuzuia magonjwa, kwa kawaida huitaka siku 120 kabla ya mwaka wa bajeti kwisha, kwa kuwa taarifa hiyohiyo ndiyo ombi lenu la fedha za mwaka unaofuata. Anayengoja mwaka uishe ndipo aandike ameshachelewa kwa miezi. Kwa utafiti unaogharamiwa na NIH, taasisi za taifa za utafiti wa afya, taarifa inaitwa RPPR (taarifa ya maendeleo ya utafiti), inajazwa ndani ya eRA Commons, mfumo wa mtandaoni wa ruzuku, na hutakiwa siku 45 au 60 kabla ya kipindi kipya cha bajeti kuanza, kutegemea aina ya ruzuku.

Hatua ya pili ni kukagua vibali. Usajili wa taasisi kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wanaopokea fedha zake, huhuishwa kila mwaka, na ukiacha muda wake upite unaweza kukwamisha fedha hata kama taarifa yenyewe ni safi. Hakikisha pia mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya taasisi ana akaunti inayofunguka, na kwamba hayuko likizo wiki hiyo.

Kisha pakua fomu upya. Usitumie ya mwaka jana iliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Chini ya Sheria ya Kupunguza Makaratasi ya 1995, fomu ya serikali inayokusanya taarifa kutoka kwa watu 10 au zaidi lazima iwe na namba ya idhini kutoka ofisi ya bajeti ya Ikulu, OMB, na idhini hiyo haizidi miaka 3 bila kuombwa tena. Namba na tarehe ya kwisha huchapwa kwenye fomu yenyewe, pamoja na makadirio ya muda wa kuijaza. Makadirio hayo ni ya wastani. Kama ndiyo mara yenu ya kwanza, yazidisheni.

Sasa kuandika, na hapa ndipo penye kazi. Weka mpango kazi ulioidhinishwa pembeni, kisha ujibu lengo kwa lengo, kwa mpangilio uleule na kwa maneno yaleyale ya malengo. Kanuni inataka mambo mawili makubwa: mlichofanya kikilinganishwa na mlichoahidi, na sababu pale lengo lilipokosekana. Afisa mradi wa wakala anasoma taarifa nyingi kwa wakati mmoja, na sentensi kama "shughuli ya upimaji inaendelea vizuri" haimsaidii kitu. Tuseme mliahidi kupima kifua kikuu watu 1,200. Andika hivi: "Tulilenga watu 1,200, tumepima 870. Mashine moja ilikaa miezi miwili ikisubiri kipuri. Ilirejea kazini mwezi Machi, na tumeongeza siku ya upimaji kila wiki hadi pengo lizibwe." Lengo limekosekana, lakini msomaji anaona idadi, sababu na hatua iliyochukuliwa. Kwa maoni yangu, taarifa yenye malengo yote 100% hutiliwa shaka kuliko hii.

Tatizo kubwa likitokea katikati ya mwaka, usiliweke kiporo hadi siku ya taarifa. Kanuni inataka wakala ujulishwe mara tu linapojitokeza, pamoja na hatua za kulirekebisha.

Takwimu zitoke kwenye rejista au mfumo wa data, na kila namba iwe na mtu anayeweza kuonyesha ilikotoka. Kama mna washirika mnaowagawia fedha, wawekeeni tarehe ya ndani iliyo mapema kuliko yenu. Majina ya wagonjwa hayaingii kwenye taarifa, na idadi ndogo sana katika eneo dogo inaweza kumfichua mtu bila hata kumtaja.

Mambo ya fedha yana fomu yake, SF-425. Mtu wa programu na mhasibu wakae pamoja kabla ya kutuma, maana taarifa inayosema mradi ulifanya nusu ya kazi huku hesabu zikionyesha pesa zote zimekwisha itaulizwa, na kwa haki.

Kuna kosa moja linalojirudia: kuomba ruhusa kwa kupitia taarifa. Mkitaka kubadili kiongozi wa mradi, au kama atakuwa nje ya mradi zaidi ya miezi 3 au kupunguza muda wake kwa 25%, hiyo ni idhini ya kuombwa mapema kwa afisa ruzuku wa wakala, kwa ombi la peke yake. Kuitaja tu kwenye taarifa hakuhesabiki kuwa mmeruhusiwa.

Tuma siku kadhaa kabla ya mwisho, pakua uthibitisho wa kupokelewa, na uuhifadhi pamoja na nakala. Taarifa ikirudishwa na maswali, jibu swali lililoulizwa. Usiandike upya taarifa nzima. Nyaraka zote zitunzwe miaka 3 tangu taarifa ya mwisho ya fedha iwasilishwe, na kama ukaguzi au kesi ilianza kabla ya muda huo kwisha, zibaki hadi shauri limalizike.