Neostigmini: usiiwahishe
Kwa wenzangu wa dawa za usingizi, Mwanza mjini hadi Ukerewe, mnaofanya kazi bila kifaa cha kupima neva: baada ya vekuroniamu (dawa ya kulegeza misuli), msichome neostigmini (dawa ya kuondoa ulegevu huo) mpaka mgonjwa aanze kupumua mwenyewe au kukohoa kwenye tyubu ya kupumulia. Neostigmini huongeza asetilikolini tu, kemikali ya neva inayoamuru misuli, ishindane na vekuroniamu. Misuli ikiwa bado imefungwa kabisa haifui dafu. Mtu wa kilo 60: miligramu 2.5 pamoja na atropini (ya kuzuia moyo usipunguze mapigo) miligramu 1.2, polepole, la sivyo mapigo ya moyo yanashuka. Subiri dakika 10. Ainue kichwa sekunde 5 kamili ndipo utoe tyubu, kukitikisa hakuhesabiki. Mama wa kifafa cha mimba aliyepewa magnesiamu huchelewa zaidi, mwache kwenye mashine ya kupumulia. Kwa suksamethoniamu, kilegeza misuli kingine, usitumie neostigmini: inarefusha ulegevu.