Mtundike nondo jike shambani, uone spishi zinavyotenganishwa na harufu

Hapa Kitangari, mahindi yakifika magotini viwavijeshi vamizi huwa wamekwisha kuingia. Kabla hujawaua wote, bakiza kumi. Sijaona njia bora kuliko hii ya kumwonyesha mtoto jinsi aina moja ya mdudu inavyoweza kugawanyika ikawa mbili, bila mto wala mlima kati yao.

Funua moyo wa mhindi penye kinyesi kama unga wa mbao uliolowa. Chagua kiwavi mnene mwenye Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne ya mraba karibu na mkia. Mtilie udongo wa vidole vitatu kwenye kopo, umpe majani mabichi kila siku. Akizama udongoni anageuka pupa wa kahawia, na kwa joto letu nondo hutoka baada ya siku nane au tisa hivi.

Kila mmoja na kopo lake. Viwavi hawa hulana, na mwaka wangu wa kwanza niliweka pupa wawili pamoja, wakatoka jike na dume usiku mmoja. Jike yule nilimtundika hadi alfajiri, hakuja hata mmoja. Alikwisha kupandwa.

Dume ana baka jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Jike ni wa kijivu kilichofifia. Usiku wa pili mtie jike kwenye kifuko cha chandarua, umtundike usawa wa kifua, chini yake beseni la maji ya sabuni.

Sasa kaa naye, tochi umeifunika kitambaa chekundu. Usiku ukikolea anatulia, anainua mabawa kidogo, anachomoza ncha ya tumbo. Hapo ndipo ilipo tezi ya feromoni, harufu ya kuitia dume. Kaskazi ikivuma, watazame madume upande wa kusini: wanapanda upepo huku wakiyumba kulia na kushoto, wakiitafuta harufu kila inapowapotea.

Kisha pasua mabua, upate pupa wa mtoboa shina, nondo wa aina nyingine. Jike wake mtundike hatua thelathini kutoka kwa yule wa kwanza. Kila jike ataita wa kwao.

Kinachomwita dume ni kipimo cha mchanganyiko wa harufu. Ulaya na Marekani yupo nondo mtoboa mahindi mwenye makundi mawili usiyoweza kuyatofautisha kwa macho. Majike wa kundi moja huchanganya viungo viwili kwa kipimo cha 97 kwa 3; wa kundi la pili hukigeuza, kama 1 kwa 99. Jeni moja, yaani chembe ya urithi, kwenye tezi ndiyo inayoamua, na mwitikio wa dume unaamuliwa na jeni nyingine.

Hapa ndipo ugumu ulipo, na ndipo ninapopapenda. Jike akizaliwa na kipimo kipya, madume wengi humpita, na ukoo wake huweza kuishia hapo. Ila wakiwepo madume wachache wasiochagua sana, wanamfuata. Watoto wao wakirithi harufu ya mama na pua ya baba, wataanza kuitana wenyewe kwa wenyewe, vizazi kwa vizazi, na tofauti nyingine zitajilimbikiza bila kuchanganywa tena. Makundi yale ya mtoboa mahindi bado hupandana mara chache, na binti chotara hutoa harufu ya katikati. Ni spishi zilizo njiani.

Asubuhi hesabu madume kwenye beseni, andika tarehe na upepo ulikotoka. Jike usimwachie: anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 shambani kwako.