Kabla Hujawaita Wageni Kwenye Chumba cha Pinboli

Chumba changu cha pinboli, yaani mashine za kuchezea mpira wa chuma juu ya ubao wenye mteremko, kiko chini ya nyumba, hapa Columbus, Ohio. Washa mashine zote nusu saa kabla wageni hawajafika. Za zamani hugoma bila taarifa, na aibu ni yako. Laza simu yenye programu ya kupima mteremko juu ya ubao wa pinboli: nyuzi 6.5 hivi, la sivyo mpira unajikokota. Ukague pia huo mpira. Ni chuma cha gramu 80, ukiwa na mikwaruzo unakwangua ubao. Zima taa ya dari. Mgeni aanze na Pac-Man ya 1980, mchezo wa video, fimbo moja ya kuongozea haimtishi mtu. Shemeji alianzia pinboli, akaitikisa mpaka ikajizima yenyewe, akadhani ameiua! Soda? Kule mezani, si juu ya kioo cha mashine.