Kuandaa safari ya umisheni kijijini: maelekezo ya fundi bomba

Kazi yangu ni ufundi bomba hapa Morogoro, na kanisani ni mzee wa kanisa ninayesimamia safari za umisheni. Vijana wa sharika nyingine wakinipigia simu, swali lao huwa moja: "Shikamoo mzee, tubebe nini?" Nawaitikia marahaba, halafu nawauliza mimi: mmeitwa na nani, na kufanya nini? Kama hawana jibu, nawaambia wasikodi gari kwanza.

Sisi huenda wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, kwa hiyo mifano yangu ni ya huko. Ukienda Kilindi au Sumbawanga, badilisha majira na majina. Utaratibu ni uleule.

Anza na mwinjilisti, harambee baadaye

Barua ya kwanza iende kwa mchungaji wa kule, kisha zungumza na mwinjilisti wa mtaa wenyewe. Huyo ndiye anayejua kisima kipi kimekauka na nani hasalimiani na nani. Mwombe aitishe kikao cha wazee wa mtaa na uongozi wa kijiji, na wawili wenu waende wakakae nyuma wasikilize.

Msiulize "mnahitaji nini?" Mtatajiwa kila kitu, kuanzia jenereta mpaka basi la kwaya, na hamtaweza kulaumu mtu maana mmeuliza wenyewe. Ulizeni: "Mlianza nini hapa kikakwama?" Mtaonyeshwa tofali zilizofyatuliwa, mawe yaliyosombwa na akina mama, boma lililosimama bila bati. Pale nguvu yao ilipoishia ndipo pa kuweka ya kwenu, kwa sababu kazi hiyo tayari ina wenyewe.

Kongwa, kwa taarifa yenu, ndiko Waingereza walikofika mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga. Udongo ukikauka ukawa mgumu kuliko majembe yao, mvua ikawagomea, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Wagogo walikuwepo pale muda wote na walijua mvua yao inavyonyesha. Usharika wenye Coaster moja na moyo wa kutoa unaweza kurudia kosa hilohilo kwa gharama ndogo zaidi.

Upande wa serikali usiuruke. Nakala ya barua iende kwa mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata. Kazi ikiwa shuleni au zahanati, mkurugenzi wa halmashauri apate taarifa kwa maandishi. Mkifika, kituo cha kwanza ni ofisi ya kijiji, mnasaini kitabu cha wageni, ndipo mwende kanisani. Mwenyekiti aliyewapokea yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kuwatetea likitokea neno.

Majira

Kongwa ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Januari na Februari watu wako kwenye palizi na ghala limeanza kuonyesha sakafu. Ukienda na watu ishirini wakati huo unakula akiba ya wenyeji, na wao kwa ukarimu hawatasema. Nendeni Septemba. Mavuno yameshaingia, watu wana nafasi, barabara ni kavu, na lolote mtakalojenga la kuvuna maji litakuwa tayari mvua ikianza.

Kazi yenyewe: mfano wa tangi

Nitakaa kidogo hapa maana ndiyo fani yangu. Kongwa imechunguzwa sana kwa ugonjwa wa trakoma, ambao wengi tunauita vikope. Watafiti wamekuwa wakienda huko tangu miaka ya 1980. Vijidudu vyake husambazwa na vidole, vitambaa na nzi wanaotua machoni. Mtoto akiambukizwa tena na tena, ukubwani kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho mpaka giza. Dawa hugawiwa na watu wa afya, hilo si letu. Letu ni kwamba uso wa mtoto unatakiwa kuoshwa, na shule isiyo na maji haiwezi kusimamia hilo. Kwa hiyo wenyeji wakitaja tangi la shule, mimi husikia haraka kuliko wakitaja vipaza sauti.

Hesabu ni rahisi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 500 kwa msimu: lita 50,000, ukitoa zinazorukia pembeni na kuvuja zibaki kama 40,000. Tangi la plastiki la lita 5,000, haya tunayoyaita simtanki, litajaa na kumwagika mara nyingi. Basi kama mfuko unaruhusu, matangi mawili yaliyounganishwa ni bora kuliko paa jipya la kanisa.

Sasa sikilizeni hili la kitako. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani tano. Likikaa juu ya udongo au tofali za kuchoma zisizo na msingi, litainama na bomba litakatika. Kitako kiwe cha mawe na zege, kipimwe kwa pimamaji pande zote, na zege limwagiliwe maji siku saba kabla ya kubeba mzigo. Safari ya siku tano haiwezi kufanya kazi ya siku saba. Kwa hiyo mlipeni fundi wa kijijini aanze wiki mbili kabla, na ninyi mtakapofika mfanye kazi chini yake. Ndiyo, chini yake. Mhasibu wa benki akiambiwa na fundi wa pale "lete kokoto", alete kokoto.

Kimo cha kitako kiruhusu ndoo ya lita 20 kuingia chini ya koki. Nimeona matangi mazuri ambayo mtoto anakinga maji kwa kikombe kwa sababu hakuna aliyepima ndoo. Gata ziteremke kuelekea tangi, sentimita moja kwa kila mita mbili. Kabla maji hayajaingia tangini, weka bomba la inchi nne linaloshuka wima, limefungwa chini kwa kifuniko cha kufungulika: maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege yataingia humo kwanza. Kila mita ya bomba hilo inabeba lita nane hivi, kwa hiyo liwe refu kadiri ukuta unavyoruhusu. Mdomo wa tangi uvikwe wavu wa mbu. Koki na viungio vinunuliwe Kibaigwa, sokoni kwenye barabara kuu, hata kama Dar es Salaam mmepata vya bei nafuu. Kikiharibika, wenyeji watakipata hapohapo.

Afya

Daktari na muuguzi mkienda nao ni baraka, lakini wawe na leseni hai za mabaraza yao, na mganga mkuu wa wilaya awe ametoa kibali na kuchagua zahanati ya kufanyia kazi. Msigawe dawa kwenye ngazi za kanisa. Hata miwani ya kusomea, ambayo huwafurahisha mno wazee wanaotaka kusoma Biblia au kutunga uzi kwenye sindano, ipitie kwa mratibu wa huduma za macho wa wilaya. Mtu anayeona ukungu anaweza kuwa na mtoto wa jicho, na miwani ya kupewa itamchelewesha hospitali.

Kulala, kula, kusali

Yesu alipowatuma wale sabini, katika Luka 10, aliwaagiza wakae nyumba iyo hiyo na kula watakachoandaliwa. Basi ugali wa uwele na mlenda ukija, nawa mikono ule. Wakati huohuo msiwe mzigo: unga, maharage na mafuta ya timu nzima nunueni Kibaigwa mkabidhi kwa mama mwinjilisti, na akina mama wanaopika walipwe. Wamesimamisha shughuli zao kwa ajili yenu. Kujitolea ni kwenu ninyi mlioomba likizo, wao hawakuomba.

Jifunzeni kusalimia: "mbukwa" kwa mtu mmoja, "mbukwenyi" kwa wengi. Vijana wetu hulisahau kwenye gari, wakifika wanarudia "mambo" mbele ya wazee, na mimi hutazama pembeni.

Jumapili mwinjilisti ndiye mwenye ratiba. Mkipewa mahubiri, hubirini kwa muda mfupi, na mwombeni mtu atafsiri Kigogo kwa ajili ya bibi na babu. Kinanda kiacheni nyumbani. Akina mama wa Kigogo wakishika ngoma za muheme, hakuna kwaya ya mjini itakayoongeza kitu hapo, na mgeni aliyekuja kufundisha kuimba atajikuta anafundishwa kupiga makofi. Tangi nalo ni la wote: Waislamu, wasiosali, wa kanisa jirani. Lisemeni hilo siku ya kukabidhi, mbele ya mwenyekiti, ili asije mtu akaweka masharti.

Picha: pigeni za kazi. Mtoto hapigwi picha bila ruhusa ya mzazi, na mgonjwa asipigwe kabisa. Hakuna kijana wa timu kubaki na mtoto faraghani, hata kwa mafundisho ya Biblia; wawe watu wazima wawili, mahali pa wazi. Asiyekubali hilo asipande gari. Zawadi za nguo na madaftari zikabidhiwe kwa mwalimu mkuu au kamati bila kelele. Kurusha pipi kutoka dirishani mwa Coaster ni marufuku kwangu.

Mkisharudi

Kabla ya kuondoka, kijiji kichague kamati ya tangi, angalau nusu wawe wanawake, na waweke mfuko wao mdogo wa matengenezo. Novemba wapigieni simu. Ulizeni kama gata zimefagiliwa, kama wavu umetoboka, na ufunguo wa koki anao nani. Koki ikiwa imekufa, wao wainunue kwa mfuko wao. Ikishindikana kuifunga, hapo ndipo mtume fundi, nauli juu yenu.