Kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo: jinsi ninavyoyapitia masharti ya Google Ads API

Kijana ninayekaa naye meza moja kwenye ofisi ya kukodi pale Kilimani aliniinamia juzi akasema kwa sauti ya chini, "Mkubwa, si unigawie tokeni yako wiki moja tu, nimalize kazi ya mteja?" Nikamkatalia, wala si uchoyo. Tokeni ni ufunguo ambao programu yako huuonyesha kila inapotumia Google Ads API, mlango wa programu kusoma na kubadilisha matangazo ya Google. Kila ombi linalopita na tokeni yangu huhesabiwa kuwa langu, na kuigawa ni kuvunja masharti niliyoyakubali mwenyewe. Nikaagiza chai mbili, tukazipitia hatua ninazofuata kila ninapoanza kazi mpya.

Hatua ya 1: Amua nani atakitumia chombo chako

Chukua karatasi uandike sentensi moja tu: chombo hiki, yaani programu yako, kitatumiwa na nani. Kikiwa cha wewe na wafanyakazi wenzako, hayo ni matumizi ya ndani. Ukimpa mteja nenosiri aingie mwenyewe na kubadilisha bajeti, umevuka mto, na ng'ambo kuna kitu kinaitwa RMF: orodha ya mambo ambayo chombo kamili kinachotumiwa na watu wa nje lazima kiwe nayo kikifika Standard, ngazi ya juu ya ruhusa ya API, kuanzia kuunda kampeni hadi kuonyesha ripoti. Cha ndani hakidaiwi orodha hiyo.

Hapa Nairobi wengi huanzia ndani. Halafu siku moja mteja anasema, "Nipe hiyo dashibodi niwe nachungulia mwenyewe." Msanidi, kwa kuwa hataki kumuudhi, anafungua mlango jioni hiyohiyo bila kubadilisha lolote kwenye maelezo aliyotoa wakati wa kuomba. Binafsi naona hapa ndipo hofu nyingi kuhusu masharti zinapozaliwa. Masharti yenyewe si mabaya kiasi hicho. Ni kwamba chombo kilichoelezwa na chombo kinachotumika vimekuwa vitu viwili.

Hatua ya 2: Tuma ombi kwa lugha ya kawaida

Tokeni hutolewa kwenye akaunti ya meneja, ile inayosimamia akaunti za wateja, katika ukurasa wa API Center. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu 22. Ikiwa bado ni ya majaribio, akaunti halisi ya mteja itakurudishia DEVELOPER_TOKEN_NOT_APPROVED, na hapo usihangaike kutafuta kosa kwenye msimbo wako.

Kwenye maelezo ya chombo, yule kijana alikuwa ameandika "jukwaa la kisasa la akili mnemba la kukuza biashara". Nikamwambia afute. Tukaandika hivi: "Kila asubuhi chombo kinasoma gharama, mibofyo na idadi ya mara tangazo lilipoonekana kwa kila kampeni ya wateja wetu, kisha kinamtumia meneja wa akaunti jedwali. Hakibadilishi chochote." Anayepitia ombi anataka kujua ni data gani inaingia, inakaa wapi na nani anaiona. Hakikisha pia tovuti ya kampuni yako inafunguka na inaeleza kazi mnayofanya.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya operesheni

Ngazi ya Basic, iliyo chini ya Standard, inakupa operesheni 15,000 kwa siku. Zinaonekana chache hadi ujue zinavyohesabiwa. Ombi moja la SearchStream, la kusoma data, ni operesheni moja, hata likirudisha maelfu ya mistari. Lakini ukituma mabadiliko 500 ndani ya ombi moja, hizo ni 500.

Kwa hiyo wateja 40, kila mmoja akisomwa mara moja kwa saa, ni operesheni 960 kwa siku. Hujagusa hata sehemu ya kumi. Anayefikia ukomo mara nyingi ni yule anayeuliza neno moja moja ndani ya kitanzi, badala ya kuuliza yote mara moja:

SELECT campaign.name, metrics.cost_micros FROM campaign WHERE segments.date DURING LAST_30_DAYS

Hatua ya 4: Ruhusa ya mteja

Mteja anakuruhusu kupitia OAuth 2.0, yaani anakubali kwenye ukurasa wa Google bila kukupa siri yake, kwa hiyo usimwombe nenosiri lake hata akikulazimishia. Mtego wa hapa ni mmoja. Mradi wako wa Google Cloud ukibaki kwenye hali ya majaribio, tokeni ya kuhuisha, ile inayodumisha ruhusa hiyo, hufa baada ya siku 7. Mimi niliamini seva yangu ina mdudu kwa karibu mwezi mzima, kwa sababu ilizimika kila Jumatatu asubuhi, na kila Jumatatu nikaingia upya na kuendelea na maisha. Badilisha hali ya mradi mapema. Namba ya akaunti ya meneja, kwenye sehemu ya ombi iitwayo login-customer-id, nayo iandike bila vistari.

Hatua ya 5: Fedha ya mtu

Hapa nenda polepole. API hupokea fedha kwa maikro: kiasi mara 1,000,000. Bajeti ya dola 5 kwa siku huandikwa 5000000.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia muuza samani wa Ngong Road 50000000. Sifuri moja tu. Siku yoyote mfumo unaruhusiwa kutumia hadi mara mbili ya bajeti ya wastani, kwa hiyo dola 5 yake ilikuwa na ruhusa ya kufika 100. Alinipigia magharibi, hakuwa na hasira bado, alikuwa anauliza tu: "Kijana, leo kuna sikukuu gani? Simu haziishi, na benki nayo haiishi kunitumia meseji." Nililipa tofauti kutoka mfukoni mwangu.

Tangu siku hiyo kila badiliko hupita mara mbili. Kwanza nalituma nikiwa nimeweka validate_only kuwa true. Ombi hukaguliwa lakini halitekelezwi. Lakini ukaguzi huo hausemi kwamba 50000000 ni nyingi, maana kwake ni namba halali. Ndiyo maana nina mstari wangu mwenyewe unaogawa kwa milioni, unaandika kiasi kwa dola kwenye skrini, na kukataa chochote kinachozidi mara mbili ya bajeti ya jana hadi mtu aandike "ndiyo".

Hatua ya 6: Namba za simu za wateja wa mteja

Muuza samani huyohuyo alikuja na daftari: namba za kila mtu aliyewahi kununua kochi kwake. Alitaka zipakiwe ili matangazo yawafuate. Kiufundi ni kazi ndogo: 0712 inageuzwa +254712, mfuatano unapitishwa SHA-256, hesabu inayougeuza kuwa msimbo usiosomeka, unapakiwa. Kisheria ni jambo jingine. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inadai ridhaa ya mhusika kabla data yake haijatumika kibiashara, na kuificha namba kwa SHA-256 hakuleti ridhaa. Nilimuuliza, "Mzee, hawa walikubali?" Akacheka. Daftari likarudi dukani, na siku hizi risiti zake zina kisanduku cha kuweka alama.

Angalia pia kama wewe mwenyewe unapaswa kujisajili kwa Kamishna wa Data. Biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 husamehewa, ila wanaofanya hasa uuzaji wa moja kwa moja hawamo kwenye msamaha huo.

Hatua ya 7: Mwonyeshe mteja gharama halisi

Ukisimamia matangazo ya watu wengine, sera ya Google inakutaka uwape gharama, mibofyo na idadi ya mara matangazo yalipoonekana, walau kila mwezi. Toza ada yako utakavyo, ila iwe mstari wake peke yake.

Hatua ya 8: Weka barua pepe inayosomwa

Masharti haya hubadilika, na hayabadiliki dhidi yako kila mara. Enzi za AdWords API, mtangulizi wa Google Ads API, wasanidi walilipa senti 25 za dola kwa kila uniti 1,000. Ada hiyo iliondolewa Machi 2013. Januari mwaka huohuo, baada ya uchunguzi wa FTC, tume ya Marekani ya kulinda ushindani wa biashara, Google ilikubali kuondoa vizuizi vilivyowatatiza watangazaji kusimamia kampeni zao pamoja na za majukwaa mengine. Tarehe 27 Aprili 2022 AdWords API ikazimwa kabisa, na aliyekuwa hajahamia Google Ads API akaamka na skrini tupu. Leo matoleo mapya hutoka mara kadhaa kwa mwaka na ya zamani hustaafishwa, kwa hiyo mimi huweka tarehe ya kustaafu ya toleo langu kwenye kalenda, miezi miwili kabla.

Habari zote hizo huja kwa anwani iliyoandikwa API Center, na maswali kuhusu ufuasi wa masharti huja hapohapo. Yule kijana alifungua akaunti yake ya meneja kabla chai haijapoa. Kwenye nafasi ya barua pepe alianza kuandika ya mwenzake anayeondoka mwisho wa mwezi, akasita, akafuta, akaweka ya ofisi.